Fundi na Shakwe wa Bahari ya Shamu

Fundi alikuwa na nyuzi nyeusi za aina saba. Ukimpelekea suruali nyeusi iliyochanika gotini, hakuanza kwa kuuliza unaitaka lini. Aliichukua hadi mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku, halafu akasema, "Hii si nyeusi, hii ni bluu iliyozeeka," kisha akarudi ndani kutafuta uzi wa bluu iliyozeeka. Mteja mwenye haraka alikasirika. Mteja aliyeivaa suruali ile miaka mitatu zaidi bila mtu kuona ilipotiwa kiraka alirudi na suruali nyingine.

Kibanda chake na changu viligawana ukuta mmoja wa mabati pale Mikindani, kando ya barabara kuu, malori ya kwenda bara yakipita tangu asubuhi mpaka vumbi lake likawa sehemu ya chai yetu. Yeye alishona. Mimi nilipiga chapa barua, nikajaza fomu, nikaandika wasifu wa watu waliotafuta kazi bandarini, nikatoa na fotokopi. Aliniita Karani. Mimi, kama mtaa mzima, nilimwita Fundi. Tulikaa hivyo, wanawake wawili, miaka kumi na mmoja, na hadi leo siwezi kukwambia alizaliwa kijiji gani wala baba yake alifanya kazi gani. Ukimuuliza kwao ni wapi alijibu, "Kwetu ni hapa unaponiona," akakuambia uinue mikono akupime kifua.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na miwani yake ilifungwa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Alipokuwa akikanyaga cherehani aliimba nyimbo za kanisani, na cherehani ikisimama naye alisimama, hata kama ni katikati ya neno. Nilizoea kusikia kupitia mabati, "Bwana u mwe—" halafu kimya, mkasi, na baada ya dakika mbili, "—ma sana."

Katika kushona hakujua kitu kinachoitwa karibu sawa. Nilimwona akifumua gauni zima ambalo mteja alikwisha kulivaa na kulifurahia, kwa sababu pindo lilipanda nyuma kwa upana wa punje ya mchele. Lakini mtu huyo huyo hakuwa wa kuaminika hata kidogo kwa habari ya siku. Ukutani kwake palikuwa na kalenda ya maji kupwa na kujaa, ile wanayotumia wavuvi, na siku za bamvua, maji yanapopwa mbali kabisa, alizizungushia wino mwekundu. Siku hizo kibanda kilifungwa. Kuna bibi harusi mmoja kutoka Changamwe aliyekuja kuchukua gauni lake Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake, akakuta kufuli. Alikaa kwangu akilia hadi akamaliza karatasi zangu za shashi. Saa nane mchana Fundi akatokea, viatu mkononi, kanga imelowa hadi magotini.

"Nisamehe mwanangu," akamwambia. "Maji yalikuwa yamepwa."

Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kueleza kila kitu. Kabla ya jua kuchwa gauni lilikuwa tayari, na bibi harusi alipojitazama kwenye kioo aliacha kununa. Lakini mama yake hakumsamehe Fundi, na alikuwa na haki.

Mambo ya ndege yalimjia kupitia sindano. Shule moja ya sekondari ilimtaka adarizi nembo ya chama chao cha mazingira: shakwe, yule ndege wa baharini unayemwona akizungukazunguka juu ya feri. Walimletea kitabu kikubwa cha ndege ili aige picha. Fundi akaitazama picha, akatazama nyuzi zake, akasema rangi za kitabuni hazimridhishi. Akaenda Likoni kumwona ndege mwenyewe. Alikwenda mara moja, akaenda mara ya pili kuhakikisha kahawia ya kichwa, mara ya tatu kwa ajili ya mdomo. Nembo ikashonwa, mwalimu aliyeiagiza akahamishwa, kitabu hakikudaiwa na mtu. Fundi aliendelea kwenda Likoni. Kongowea, kwenye nguo za mitumba, alipata darubini kuukuu ambayo jicho moja lilikuwa limeota ukungu. Alilifunika kwa kitambaa cheusi akatumia lile lingine.

Sikuwahi kumwona mtu anayependa ukingo wa bahari na kuyaogopa maji kiasi kile. Hakujua kuogelea. Kwenye feri alishika chuma kwa mikono miwili, akafumba macho tangu lango linapofungwa hadi linapofunguliwa, midomo ikimchezacheza kwa sala. Siku moja nilimwambia hasara yake, maana shakwe walikuwa wamejaa juu yetu, karibu kuwashika.

"Wahesabu," akasema bila kufumbua.

"Watano. Sita."

"Wote wa aina ya kwetu?"

"Nitajuaje, Fundi?"

"Ndiyo maana nakuuliza," akasema, na hakuongea tena hadi tulipokanyaga nchi kavu.

Alikuwa mkweli hata ikamletea hasara, isipokuwa kwa jambo moja. Jumapili za bamvua alimwambia mchungaji wake kwamba anakwenda kumwona mgonjwa. Uongo huo ulidumu karibu mwaka. Kisha kanisa likaamua kubatiza watu baharini, likachagua Likoni, na mchungaji mwenye kanzu nyeupe akateremka ufuoni na waumini sitini wakiimba. Wakamkuta Fundi juu ya mwamba na darubini yake.

"Mama," mchungaji akauliza, "mgonjwa yuko wapi?"

Fundi akaishusha darubini. "Amepona, Mchungaji."

Aliwahi kunisimulia kisa hicho akicheka hadi akavua miwani kupangusa machozi. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akaomba radhi, na tangu siku hiyo alipotaka kwenda alisema anakwenda kutazama ndege. Hakuna aliyemzuia.

Sasa nieleze lililomfanya ashindane na watu wa Nairobi kwa miaka.

Mvua za masika zilikuwa ndiyo zinaanza. Alirudi kutoka Likoni mapema kuliko kawaida yake, akaingia kwangu badala ya kwake.

"Karani, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Funga kwanza."

Nikafunga. Akaweka kile kitabu juu ya mashine yangu ya fotokopi, akafungua ukurasa uliokwisha kuchakaa kwa vidole vyake. Akanionyesha shakwe wawili walioshabihiana kama mapacha. Wa kwanza ni wa kwetu: kichwa kahawia, mdomo mnene wa manjano iliyofifia wenye ncha nyekundu, na alama nyeupe, kama mwezi mwandamo, juu ya jicho tu. Wa pili alikuwa na kichwa cheusi kabisa, mdomo mwembamba mrefu wa wekundu uliokolea, na miezi miwili myeupe, mmoja juu ya jicho na mmoja chini. Kitabu kilimwita shakwe wa jicho jeupe. Chini ya picha palikuwa na ramani ya makazi yake. Rangi yote ilikuwa kule Bahari ya Shamu na pembezoni mwa Ghuba ya Aden. Huku kwetu ramani ilikuwa nyeupe tupu.

"Nimemwona huyu," akasema.

"Likoni?"

"Juu ya mwamba, kati ya wa kwetu. Nimemtazama hadi maji yakanifikia hapa." Akaonyesha goti. Yeye, aliyeogopa maji.

"Hongera basi, Fundi."

"Hongera ya nini? Sikumtengeneza mimi. Amekuja mbali vile, peke yake, na hakuna aliyemwona ila mimi. Mtu akija mbali hivyo, aandikwe. Weka karatasi."

Mwishoni mwa kitabu kulikuwa na anwani ya kamati moja ya Nairobi inayoweka orodha ya ndege wote waliowahi kuonekana nchini. Tukawaandikia. Fundi alisema, nami nikapiga chapa. Juu ya kipande cha kadi alizungusha nyuzi tatu: weusi wa kichwa, kijivu cha mgongo, wekundu wa mdomo. Kila uzi ulichaguliwa mlangoni kwenye mwanga, na kuchagua huko kulichukua alasiri nzima. Tukaibana kadi kwenye barua.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, la heshima na fupi. Walimshukuru. Maelezo yake, walisema, yanaelekea kuwa ya shakwe wa kawaida wa pwani, na bila picha au shahidi wa pili hawawezi kuthibitisha. Kuhusu nyuzi hawakusema neno.

Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Wanasema sijui nyeusi na kahawia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alirudi kwake, na cherehani ikaanza, lakini siku hiyo hakuimba.

Mara ya pili ilikuwa Kisauni, karibu miaka miwili baadaye. Alikuwa amekwenda Kongowea kununua nyuzi, akateremka hadi pale Kisauni wanapopakua samaki, na kati ya shakwe waliogombea matumbo ya samaki akamwona tena mwenye miezi miwili. Safari hii hakuwa na darubini wala hakuihitaji. Ndege alisimama karibu naye kabisa. Aliporuka, Fundi akatoa mkobani utepe wake wa kupimia, akamwomba mama mmoja wa samaki ashike ncha pale aliposimama yeye, akapima hadi alipokuwa ndege, akihamisha utepe mara baada ya mara huku wanawake wote wakimtazama.

"Wallahi, huyu mama jua limempata," yule aliyeshika utepe akawaambia wenzake.

"Futi arobaini na mbili," Fundi akamjibu. "Asante dada, Mungu akubariki."

Akaja kwangu moja kwa moja. Alitamka barua nzima akiwa amesimama. Ilianza hivi: Nilimwona shakwe wa jicho jeupe.

Hapa ndipo pana aibu yangu. Nilipobaki peke yangu kuisafisha barua, nilimfikiria Fundi na kamba yake ya miwani, nikawafikiria wale wasomi wa Nairobi, nikaona anajitia katika dhihaka. Nilitaka kumsitiri. Nikaandika: Labda nilimwona shakwe wa jicho jeupe, ingawa huenda nimekosea. Fundi aliniamini, akatia sahihi bila kusoma, maana herufi ndogo zilianza kumsumbua.

Jibu lilikuja upesi safari hii. Mstari wake wa pili ulisema kwamba kwa kuwa mwandishi mwenyewe anaonekana kuwa na shaka, kamati haina la kuongeza.

Nilimsomea mwenyewe. Nilikuwa nimeshaliona lile neno, ningeweza kuliruka, lakini ulimi haukunitii.

"Shaka gani?" akauliza. "Shaka imetoka wapi?"

Nikaikunja ile barua.

"Karani, nani kaandika shaka?"

"Mimi, Fundi. Niliona ni adabu."

"Adabu ya nani?"

Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, nikampa barua. "Nikikwambia kiuno chako ni inchi thelathini na nne," akasema, "siweki labda. Nimepima." Akatoka.

Kwa miezi minne alikwenda kupiga chapa barua zake Changamwe. Asubuhi alinisalimu kama anavyosalimiwa mpita njia, na kupitia mabati nilisikia nyimbo zake zikikatika na kuendelea, nikajua jinsi ukuta mwembamba ule ulivyoweza kuwa mnene. Nilimpelekea chai, akainywa, akarudisha kikombe kimeoshwa. Halafu asubuhi moja akasimama mlangoni kwangu na karatasi.

"Yule wa Changamwe ameandika shakwe kwa q," akasema.

"Nisamehe, Fundi."

"Nilikusamehe tangu Pasaka. Ila sasa utanisomea kila mstari kabla sijatia sahihi. Kila mstari, Karani."

Tangu hapo nilimsomea kila mstari, hata wa anwani.

Hizo barua za Changamwe, pamoja na ubaya wa herufi zake, zilimfikia mtu. Mmoja wa wanakamati alikuwa na kazi ya kuhesabu ndege kwenye mikoko ya hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia hadi Mikindani, akaulizia kibanda cha Fundi hadi akakipata. Alikuwa bwana mrefu, mpole, viatu vimejaa matope. Alikaa kwenye benchi ya wateja, nami nikaacha fotokopi nikaja kusimama mlangoni. Akamtolea Fundi picha kumi za shakwe mbalimbali, moja baada ya nyingine, bila majina. Fundi alizipeleka mlangoni kwenye mwanga kama suruali za watu. Tisa alizieleza bila kusita, mdomo, mguu, shingo. Ya kumi akairudisha.

"Hii imepigwa jua likizama. Rangi zote hapa ni za uongo. Siwezi kusema."

Yule bwana akatabasamu, nikajua kwamba huo ndio ulikuwa mtego wake.

"Mama, mimi nakuamini," akasema. "Nikirudi nitawaambia wenzangu hivyo. Lakini orodha haiwezi kuandika kwamba mimi nakuamini."

"Inataka nini?"

"Picha iliyo wazi. Au mtu mwingine aliyeona, na anayejua anachotazama."

"Vema," Fundi akasema. Alimshonea kifungo kilichokuwa kikining'inia kwenye shati lake, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alinitazama juu ya miwani.

"Karani, Jumamosi unafunga saa ngapi?"

Nilijitetea kwa kila nililoweza. Sina macho mazuri, nikasema. Jua linanichoma. Sijui ndege, najua kuku tu. Aliyasikiliza yote, halafu akamwaga mezani kwangu zile nyuzi saba nyeusi. "Zipange," akasema. Nilipanga wiki tatu kabla hajaridhika. Baadaye tukaanza Likoni, kwenye miamba, mimi na kofia ya mume wangu. Mara ya kwanza nilikanyaga miba ya baharini nikarudi nyumbani nikichechemea, na mume wangu akauliza ni dini gani hii niliyoingia.

Mafunzo yake hayakuwa na huruma. Nilipomwambia, "Yule ni wa kwetu," alisema, "Sikuuliza jina. Umeona nini?" Nikisema kichwa kahawia, aliuliza kahawia ipi. Nikisema mdomo mnene, aliuliza mnene kuliko nini. Siku niliyothubutu kusema, "Nimeona alama juu ya jicho, ya chini sikuiona kwa sababu amegeuka," alifungua mkoba akanipa nusu ya mkate wake wa mofa. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake.

Tulikwenda mwaka mmoja, ukaingia wa pili. Shakwe wa jicho jeupe hakuja. Niliwahi kumuuliza kama hachoki.

"Nachoka sana," akasema. "Wewe umechoka?"

"Mimi? Ndiyo."

"Basi tukae kidogo, halafu tuendelee."

Niligundua habari ya macho yake kabla hajaniambia. Alishona sare nyeusi ya askari mlinzi kwa uzi wa bluu. Mwenye sare hakuona, akalipa, akaondoka. Mimi niliona. Nilikwenda kwake, nikakaa kwenye benchi, sikujua nianzie wapi.

"Umeona, sivyo?" akasema.

"Nimeona."

"Hivyo wewe waona vizuri," akasema, na nikashangaa kumwona amefurahi.

Hospitalini walisema ni presha ya macho, na kwamba imekaa siku nyingi. Dawa ingeweza kulinda kilichobaki, lakini isingerudisha kilichokwenda. Alimwita yule askari akamfumulia sare yote, akaishona upya huku mimi nikimchagulia uzi, na hiyo ikawa nguo yake ya mwisho. Akafunga kibanda, akahamia Kisauni kwa binti yake mwenye saluni. Aliyepanga pale baada yake aliuza vipuri vya pikipiki. Sikuzoea kamwe ukimya wa ule upande mwingine wa mabati.

Nilidhani na safari za Likoni zimekwisha. Bamvua ya kwanza baada ya kuhama, simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi. "Maji yanapwa saa nne," akasema. "Nimeshavaa."

Ndivyo tulivyoendelea, hata nuru yake ya mwisho ilipokwisha. Nilimchukua Kisauni, tukavuka feri, akafumba macho kama zamani ingawa hakukuwa na sababu tena, nikamshika mkono hadi ufuoni. Alikaa juu ya kigoda mahali pakavu. Mimi niliingia kwenye miamba na darubini, nikarudi kumpa habari. Watu walitutazama. Kina mama wauza samaki wa pale ufuoni walituzoea, wakaanza kumwachia kivuli cha mwavuli wao.

Asubuhi moja ya bamvua walikuwapo shakwe kama thelathini, wamesimama wote wakiutazama upepo. Niliwapitia mmoja mmoja kama alivyonifundisha, kutoka kushoto. Wa kumi na saba, mkono wangu ukasimama. Niliwapitia tena tangu mwanzo, nikafika pale pale. Nikarudi kwake nikijikwaa.

"Fundi."

"Usiseme jina," akasema. Alikuwa amekwisha kusikia sauti yangu. "Umeona nini?"

"Kichwa cheusi."

"Cheusi kipi?"

"Cha uzi wa tatu. Ule wa suti za maiti."

"Hakina kahawia?"

"Hakina. Waliosimama ubavuni kwake ni kahawia, namlinganisha nao."

"Mdomo?"

"Mwembamba. Mrefu kuliko wao. Mwekundu uliokolea, ncha nyeusi."

"Manjano?"

"Hakuna manjano. Ila miguu."

Akapumua. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa kanga. "Jicho."

"Juu pana mwezi mweupe."

"Na chini?"

"Na chini."

"Umeuona, au unataka kuuona kwa ajili yangu?"

Swali hilo lilinichoma, lakini alikuwa na haki ya kuliuliza kuliko mtu yeyote duniani. Nikarudi majini. Nilisogea hadi nilipoweza, nikangoja ndege ageuke, akageuka, akaukodolea mwanga. Nikarudi.

"Nimeuona, Fundi. Pande zote mbili za kichwa. Uko."

Machozi yakamtoka, naye hakuyapangusa. "Nielekeze uso," akasema. Nikamshika mabega, nikamgeuza taratibu kama anavyogeuzwa mtu anayepimwa nguo, hadi akaelekea penyewe.

"Anafanya nini?"

"Amesimama mguu mmoja. Nafikiri anataka kulala."

"Basi mwache alale. Piga picha, usimsogelee tena."

Nikapiga kwa simu kupitia lile jicho zima la darubini. Picha ilitoka na ukungu pembeni, lakini kichwa na jicho vilionekana. Kisha tukakaa. Maji yalipoanza kujaa nilimweleza kila alichofanya: amejikuna, ametikisa mkia, ameruka pamoja na wote, amekwenda upande wa bandari. Alitaka kujua kama alikuwa mbele au nyuma ya kundi. Katikati, nikasema.

Jioni tukaandika. Nilitaka kuweka majina mawili.

"Andika lako," akasema.

"Fundi, bila wewe..."

"Mimi leo sikuona. Sitii sahihi nisichoona. Soma mstari wa kwanza."

Nikausoma. Nikasoma wote.

Kamati ilikubali. Barua ilikuja kabla ya mvua za vuli, nikaipeleka Kisauni siku hiyo hiyo. Nilimkuta barazani, binti yake akimsuka nywele. Nikasoma: shakwe wa jicho jeupe, Likoni, ameingizwa katika orodha. Binti akapiga kigelegele, jirani akachungulia kuuliza kama kuna mtoto aliyezaliwa. Fundi alitabasamu mpaka meno yote yakaonekana, akanishika mkono, akaubana.

"Ameandikwa," akasema.

"Ameandikwa, Fundi."

"Na wale wangu wawili, wa Likoni na wa Kisauni?"

Nilikuwa nimeshaitazama ile aya ya mwisho nikitumaini hataiuliza. Nikaisoma kama ilivyo. Kamati sasa ilikuwa tayari kuziangalia upya ripoti za zamani, lakini ingependa kwanza kuona kama ndege huyo huja huku mara kwa mara, na ingefaa wawepo mashahidi zaidi ya mmoja.

Nilitazamia ahuzunike. Alifikiri kidogo, kichwa kimeinamishwa chini ya kitana.

"Wamesema sawa," akasema. "Shahidi mmoja ni mchache." Akainua mkono, akapapasa hadi akaushika mkono wa binti yake uliokuwa na kitana. "Mwanangu, kesho kutwa maji yanapwa saa tatu. Utafute viatu visivyoharibika kwa chumvi."

"Mimi?" binti akasema. "Mama, kesho kutwa nina wateja watatu, mmoja ni wa harusi!"

"Waambie waje alasiri," Fundi akasema. "Karani, mwonyeshe picha. Asikuambie ni ndege gani. Akuambie ameona nini."